Nyumba ya Hati ya Muda: Andikianeni Kabla ya Kulipana



Mji wetu wa Mombasa umebadilika sura. Palipokuwa na nyumba ya chini yenye baraza mbele na mnazi uani, leo pamesimama jengo la ghorofa kumi, na kila ghorofa ina fleti zake, na kila fleti ina mnunuzi wake. Miongoni mwa wanunuzi hao ni maamuma wa misikiti yetu: mwalimu aliyedunduiza mshahara wake, mama aliyeuza fungu lake la urithi, kijana aliyeko Ughaibuni anayetuma fedha kila mwezi kwa mkono wa ndugu yake. Kumiliki makazi ni neema, wala hatuna neno na hilo. Lakini sikiliza yasemwayo barazani baada ya swala ya alasiri. Utasikia bei, utasikia upepo wa bahari, utasikia idadi ya vyumba. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: hati ya kiwanja hiki ni ya miaka mingapi, imebaki mingapi, na kuihamisha kwa jina langu kutanigharimu kiasi gani?

Matokeo yake ni kwamba wako watu miongoni mwetu waliolipa bei yote ya nyumba, wakakabidhiwa funguo, wakaishi humo miaka, na kitu pekee walichonacho mkononi ni risiti na karatasi yenye muhuri wa dalali. Siku mmoja wao anapofariki, mjane wake hana cha kumwonyesha Kadhi.

Kwanza ifahamike kinachonunuliwa. Fleti nyingi za mjini zimesimama juu ya ardhi ya hati ya muda, yaani ardhi iliyokodishwa kwa miaka maalumu, aghalabu 99, ambayo huko afisini huitwa lisi. Mwenye hati ya kudumu anamiliki ardhi bila ukomo. Mwenye hati ya muda anamiliki miaka. Waliosoma fiqhi wataielewa tofauti hii upesi kwa istilahi walizozizoea: raqaba, yaani kitu chenyewe, inabaki kwa mkodishaji, ambaye mara nyingi ni serikali, na manfaa, yaani haki ya kukitumia, ndiyo iliyohamishwa kwa muda. Na miaka hiyo haianzi kuhesabiwa siku uliyolipa wewe. Ilianza siku hati ya kwanza ilipotolewa. Kiwanja kilichotolewa kwa miaka 99 kuanzia mwaka 1955 muda wake unamalizika mwaka 2054, hata kama jengo lililo juu yake limepakwa rangi jana. Fleti haiwezi kuwa na umri mrefu kuliko hati mama inayoibeba. Basi anayeinunua fleti kama hiyo leo kwa bei sawa na ya jirani ambaye hati yake imebakiwa na miaka 80, amepata chini ya nusu ya miaka ya jirani yake. Na muuzaji anayelijua hilo akanyamaza, huyo ameificha aibu ya bidhaa yake, na hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa kila aliyesoma mlango wa biashara anaijua.

Huambiwa wanunuzi: "Usijali, muda ukiisha serikali itaongeza." Maneno haya ni nusu ya ukweli. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinampa raia wa Kenya aliyekuwa na ardhi hiyo haki ya kutangulizwa kabla ya mtu mwingine, lakini kwa sharti kwamba ardhi yenyewe haihitajiki na serikali kuu au ya kaunti kwa manufaa ya umma. Taratibu za kuomba ziliwekwa kwa kanuni za mwaka 2017. Kuna maombi, kuna kupimwa thamani, kuna ada mpya, na kodi ya ardhi inaweza kupandishwa. Kutangulizwa si kupewa bure.

Ndugu zetu walioko Ughaibuni wana jambo lao zaidi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema asiyekuwa raia hamiliki ardhi ila kwa hati ya muda isiyozidi miaka 99. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine na uraia wake wa Kenya ukapotea, akaandikiwa "hati ya kudumu", Katiba inaihesabu hati hiyo kuwa ya miaka 99 tu. Katiba hiyo hiyo imeruhusu uraia wa nchi mbili. Basi na autengeneze uraia wake kwanza, kisha anunue.

Hapa pana mchanganyiko mmoja wa kwetu pwani unaohitaji kuondolewa. Sisi tumezoea "nyumba bila ardhi": mtu anajenga au ananunua nyumba katika mitaa kama Majengo, ilhali kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja kodi yake. Desturi hii ina nasaba katika fiqhi. Ndugu zetu wa Misri na Sham wanao mfano wake katika ardhi za wakfu, wanauita hikr. Lakini nyumba bila ardhi aghalabu haina muda ulioandikwa wala haina usajili, na mwenye kiwanja anaweza kumtaka mwenye nyumba aondoke. Fleti ya hati ya muda ni kitu kingine kabisa: ina miaka inayojulikana, ina namba katika sajili, ina masharti yaliyochapwa. Mazoea ya ile ya kwanza ndiyo yanayotuponza katika hii ya pili. Kule neno la mzee wa mtaa na mashahidi wawili vilitosha kwa vizazi. Huku havitoshi. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi, uwe na saini za pande zote, na saini hizo zishuhudiwe. Bila hivyo mahakama haisikilizi dai lililojengwa juu ya mkataba huo. Na sisi hatukuhitaji kusubiri sheria ya Bunge itufundishe hilo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu, mwandishi wake na mashahidi wake. Nyumba inayolipwa sehemu leo na sehemu baada ya miezi mitatu ni deni la muda kwa tafsiri yoyote utakayoishika.

Sasa tuje kwenye gharama, maana ndizo zinazowakimbiza watu. Tuchukue fleti ya shilingi milioni 4. Ushuru wa stempu katika maeneo ya miji ni asilimia 4 ya thamani, nje ya miji asilimia 2. Kwa fleti yetu hiyo ni shilingi 160,000. Ujira wa wakili umewekewa kima na Agizo la Malipo ya Mawakili lililorekebishwa mwaka 2014: kwa nyumba isiyozidi milioni 5 ni asilimia 2, wala si chini ya shilingi 35,000. Hapa ni shilingi 80,000, na juu yake VAT ya asilimia 16, yaani shilingi 12,800. Jumla imefika shilingi 252,800, kabla hujahesabu ada za upekuzi, za vyeti na za usajili. Ikiwa fleti ni mpya, aghalabu mnunuzi hutakiwa pia amlipe wakili wa kampuni iliyojenga kwa kuandika lisi, na aweke amana ya ada ya usimamizi wa jengo: ulinzi, lifti, maji, taa za ngazini. Ada hiyo haina mwisho, na iulizwe kwa maandishi kabla, siyo baada.

Kwa hiyo robo milioni na zaidi ni sehemu ya bei. Mwenye milioni 4 kamili hana uwezo wa fleti ya milioni 4. Ana uwezo wa fleti ya milioni 3 na laki 7. Anayelikataa hesabu hili ndiye anayefika mwishoni hana cha kulipia ushuru, akaiacha hati kwa jina la muuzaji "mpaka mambo yawe mazuri". Mambo hayawi mazuri. Muuzaji hufa, au hufilisika, au huiweka hati ile ile dhamana benki.

Uko ushuru mwingine ambao si wa mnunuzi, nao ni ushuru wa faida ya mauzo ya mali. Ulikuwa asilimia 5 tangu mwaka 2015, ukapandishwa kuwa asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Mwenye kuupata faida ndiye mwenye kuulipa, naye ni muuzaji. Tangu upandishwe, wauzaji wengi wamejaribu kuusukumia kwa mnunuzi kwa kauli ya "gharama zote juu yako". Mnunuzi asiyejua gharama hizo ni zipi husema ndiyo. Na iandikwe katika mkataba kwa jina lake kwamba ushuru huo ni juu ya muuzaji.

Na hapa tuseme jambo ambalo wengine hawatapenda kulisoma. Imeenea tabia ya kuandika mikataba miwili: mmoja wa bei ya kweli unaofichwa kabatini, na mmoja wa bei ya chini unaopelekwa serikalini ili ushuru upungue. Tumewasikia watu wa swafu ya kwanza wakiifanya na kuiita "ujanja wa mjini". Huo ni uongo ulioandikwa, ukatiwa saini, ukashuhudiwa na Waislamu wawili. Tukiacha dhambi yake, ambayo si ndogo, hata kwa dunia ni ujinga. Ushuru wa stempu haufuati neno lako. Thamani hukadiriwa na mthamini wa serikali, na ndiyo inayotozwa. Kisha mauzo yakivunjika, muuzaji atarejesha bei iliyoandikwa katika mkataba wa serikali, nawe utasimama mbele ya hakimu kudai fedha ambazo saini yako mwenyewe inasema hukuzitoa.

Tumtaje wakili, kwa sababu kuna dhana kwamba wakili ni mla fedha asiyehitajika. Tatizo kubwa tulionalo ni wakili mmoja kusimama pande zote mbili. Dalali humwambia mnunuzi, "Tumia wakili wa muuzaji, utaokoa." Kadhi hawezi kuwa wakili wa mmoja wa wagomvi, na mtu mmoja hawezi kumtetea anayetaka bei ipande na anayetaka ishuke. Kila upande uwe na wakili wake. Na kwa kuwa ujira wa kazi ni lazima ujulikane kabla ya kazi kuanza, muulize wakili wako kiasi chake, muulize kama VAT imo ndani, na akuandikie. Wakili anayejibu "tutaelewana" mwambie tuelewane sasa.

Arubuni nayo inataka maelezo. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 ya bei siku ya kutia saini mkataba, na salio hulipwa siku ya kukamilisha, ambayo kwa masharti ya mauzo ya Chama cha Mawakili cha Kenya ni siku 90. Swali ni: hiyo asilimia 10 inakaa wapi katika siku 90 hizo? Ikienda moja kwa moja mfukoni mwa muuzaji na mauzo yakavunjika, utaifuata kwa miguu. Mkataba useme kwamba wakili ataishika kama amana ya pande zote mbili, haitoki mpaka mauzo yakamilike au yavunjwe kwa mujibu wa mkataba. Kuhusu arubuni kubaki kwa muuzaji endapo mnunuzi atajiondoa, maimamu wamekhitalifu. Jamhuri ya wanazuoni, akiwemo Imamu Shafi ambaye watu wa pwani wengi wanamfuata, hawaruhusu. Imamu Ahmad ameruhusu. Jopo la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha mwaka 1993 kule Brunei liliruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwe na mpaka. Atakayechukua rai hii basi aichukue pamoja na sharti lake: tarehe iandikwe. Na iandikwe vile vile kwamba muuzaji akishindwa yeye, arubuni yote inarudi.

Katika siku hizo 90 wakili wako anafanya nini? Anapekua sajili ya ardhi aone jina la mwenye hati, miaka iliyobaki, rehani na mazuio. Upekuzi huu hufanywa kabla ya mkataba na hurudiwa kabla ya salio kulipwa, kwa kuwa mengi hutokea katikati. Anasoma masharti ya hati mama: yako yanayokataza biashara, yako yanayotaka idhini ya mkodishaji kabla ya kuhamisha. Anataka kutoka kwa muuzaji cheti kwamba kodi ya ardhi ya serikali imelipwa, na cheti kutoka kaunti kwamba ada ya ardhi, ambayo watu huiita reti, haina deni. Malimbikizo ya miaka kumi yasiyoulizwa huwa ya mnunuzi. Anataka ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kwa maandishi, maana nyumba ya ndoa haiuzwi kwa saini moja. Kisha hati ya uhamisho hutiwa saini, thamani ikapimwa, ushuru ukalipwa, usajili ukafanyika. Kutia saini si mwisho. Usajili ndio mwisho.

Msidhani upekuzi wa juu juu unatosha. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilidai imenunua kwa nia njema. Mahakama ikasema kwamba kiwanja kilipogawiwa mara ya kwanza utaratibu haukufuatwa, na kwa hivyo hati iliyozaliwa na mgao huo haiwezi kumlinda hata mnunuzi wa baadaye. Maana yake kwetu ni kwamba wakili aulizwe ardhi ilitoka wapi tangu mwanzo wake, siyo tu ni nani aliye nayo leo. Kazi hii ina gharama zaidi, na kwa viwanja vya karibu na bahari tunaiona ni wajibu.

Kwa fleti mpya, uliza hati utakayopewa ni ya namna gani. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inamwezesha kila mwenye fleti kupata hati yake mwenyewe ya fleti hiyo pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja. Majengo ya mfumo wa zamani, ambapo mnunuzi alipata lisi ndogo na hisa katika kampuni ya usimamizi, yalipewa miaka miwili kubadilisha, na yako ambayo muda huo ulipita yakiwa vile vile. Anayenunua fleti ya mkono wa pili katika jengo kama hilo na ajue nani atalipia mabadiliko. Suala la kununua kwa mkopo wa riba tumelizungumzia mara nyingi, hatulirudii hapa.

Limebaki la mirathi, na ndilo linalotuuma zaidi. Nyumba ya marehemu huuzwa na mwana mkubwa kabla mirathi haijagawanywa. Mnunuzi anajua, lakini bei ni nzuri. Ndani ya bei hiyo nzuri mna mafungu ya dada walioolewa mbali na ya mayatima wasiojua kusoma. Haki ya hati ya muda hurithiwa kwa miaka iliyobaki kama mali nyingine, huo ndio msimamo wa wanazuoni wengi, kinyume na Mahanafi wanaosema mkataba wa kukodi unakatika kwa mauti. Basi asinunue mtu nyumba ya marehemu mpaka aone amri ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi na kuwataja warithi wote kwa majina, na wakili wake aithibitishe amri hiyo mahakamani ilikotoka. Na familia zilizoshikana mashati juu ya nyumba ya namna hii zikumbuke kwamba miaka ya hati inaendelea kuhesabiwa wakati wao wanagombana, na kodi ya serikali na ada ya kaunti zinalimbika kwa jina la marehemu.

Aliye na barua ya ofa mkononi wiki hii, kabla hajampa dalali hata shilingi, na amtake namba ya hati ya kiwanja. Akiipata, aipeleke kwa wakili wake mwenyewe. Akinyimwa, ofa hiyo airudishe.

Wabillahi tawfiq.